Antrenere Aliyetaka Mchezaji Mmoja

Tulimwita Antrenere, yaani mwalimu wa mchezo. Hata mkewe alimwita hivyo, tena mbele ya wageni, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa familia. Alikuwa mrefu, magoti yake yalitazama pande mbili tofauti, na shingoni alivaa filimbi ya chuma ambayo hakuivua hata kanisani. Uvira, kwetu kando ya ziwa, ni mji ambao kila mtoto hupiga chungwa teke kabla hajajua kulimenya. Katika mji huo yeye alifundisha mpira wa magongo.

Jambo alilolitaka lilikuwa moja, na alilisema kila mahali: sokoni, kwenye mstari wa wagonjwa hospitalini, hata matangani. Alitaka kutoa kwetu mchezaji mmoja wa kulipwa. Hakutaka kombe wala sifa. Alitaka mtu mmoja atakayeamka asubuhi, acheze mpira wa magongo, na jioni apewe malipo yake kwa sababu amecheza, kama seremala anavyolipwa kwa sababu ametengeneza meza.

"Minye sitaki bengi," alikuwa akisema. "Mumoja anatosha. Kisha nitapumzika."

Mambo haya yalianza mwaka wa uhuru, wakati kila mtu alikuwa na jambo kubwa alilolitaka. Mmoja alitaka kuwa depite bungeni, mwingine alitaka nyumba ya Mzungu aliyekimbia, na jirani yetu mmoja alitaka gari ingawa nyumba yake ilikuwa juu ya mawe ambapo hata mbuzi walishuka kwa uangalifu. Mtu aliyetaka mchezaji mmoja wa magongo hakuonekana mwenda wazimu. Alionekana mwenye kiasi.

Mchezo huo aliutoa ng'ambo ya mto Ruzizi, mjini Usumbura kama ulivyoitwa wakati ule. Huko kulikuwa na klabu ambamo Wazungu na wafanyabiashara Wahindi walicheza siku ya Jumapili juu ya nyasi zilizokatwa sawasawa. "Nilikuwa kwenye klabu miaka mingi," alituambia. Hakusema alikuwa kama nani, na sisi hatukuuliza. Kwetu sisi, mtu aliyekuwa kwenye klabu alikuwa mchezaji, kama vile aliyekuwa jeshini alikuwa askari.

Magongo hayakuuzwa popote. Ilibidi yatafutwe juu ya miti. Antrenere akipita mjini hakutazama nyuso za watu, alitazama viwiko vya miti. Akiona tawi la mpera lililopinda vizuri, alisimama chini yake kama mtu aliyekutana na ndugu. Kisha alibisha hodi, akamsalimia mama mwenye nyumba kwa heshima zote, habari za watoto, habari za ule mguu wenye kuuma, na mwisho kabisa akauliza kama ule mkono wa mpera wake una kazi nyingine. Akina mama wa Nyamianda, mtaa wetu, walimjua upesi. Wakimwona anakuja, walitoka na kusimama mbele ya miti yao.

Mti wa Mzee wa Duka ndio ambao hakuuombea ruhusa. Mzee wa Duka alikuwa Mwislamu wa ukoo wa zamani wa biashara ya ziwa, mwenye kanzu isiyo na doa na duka la vitambaa na chumvi. Asubuhi moja alikuta mpera wake umebaki shina tu, akayafuata majani yaliyodondoka njiani mpaka kwenye uwanja wetu karibu na maji. Pale akakuta vijana kumi na mmoja wameushika mti wake.

Alikuja kugomba. Antrenere alimletea kiti, akamweleza kwa adabu kwamba mazoezi hayakatizwi, na kwamba tukimaliza atasikilizwa kwa makini. Mzee akakaa. Siku ile tulikuwa kwenye somo la kuinama, ambalo lilichukua miezi: kwenda na kurudi uwanjani mgongo umelala sawa na meza, macho chini, gongo mbele, bila mpira. Mzee wa Duka alitutazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa huzuni ya kweli, kwamba huyu bwana anawafundisha watoto kurukuu bila kusujudu, na ibada ya namna hiyo haijapata kumfikisha mtu popote.

Siku iliyofuata alirudi, akasema amekuja tu kuuangalia mti wake. Akawa anakuja kuuangalia mti wake kila jioni. Mwishowe Antrenere alimfanya Prezida wa timu, naye Prezida akatupa kitambaa cha kaptula, chenye mistari ya zambarau na njano, ambacho kwa miaka yote hakuna mteja aliyewahi kukiomba.

Kuinama kuliingia mwilini mwetu hata nje ya uwanja. Mama yangu aliniuliza mara nyingi nimepoteza nini njiani. Kijana mwenzetu mmoja alipelekwa kwa muuguzi, akapewa dawa ya minyoo.

Lakini kuinama kulikuwa nusu tu. Kwa Antrenere, mchezaji wa kulipwa alikuwa mtu aliyesoma. Alitufundisha kuandika majina yetu kwa mkunjo mzuri, kwa sababu siku ya kusaini kontra, yaani mkataba, Mzungu asione mkono unatetemeka. Alitufundisha kutafuna polepole, kulala mapema, kukata kucha na kusalimia umati. Umati ulikuwa Mzee wa Duka na bata wawili, tukawasalimia. Alitufundisha hata kushindwa. Hilo lilikuwa somo gumu, maana kutoka Uvira mpaka kule ambako macho yanaishia hapakuwa na timu nyingine ya mpira wa magongo.

Ilibidi ajitengenezee wageni. Kila Jumamosi aligawa timu. Sita walikuwa Sisi na watano walikuwa Wageni. Wageni walitakiwa kwenda mpaka barabarani, wajipake vumbi miguuni, kisha waje kama watu waliotoka mbali. Tuliwapokea, tukawapa maji ya kunywa, tukawauliza habari za kwao, nao walitakiwa kutaja mji. Walipofungwa walijipanga mstari na kutushika mikono kwa heshima. Siku moja mmoja wa Wageni alianza kulia kwa sababu amefungwa mbali na nyumbani. Nyumba yao ilionekana pale pale, nguo zao zimeanikwa.

Mimi nilikuwa kijana wa kunyamaza. Kwa sababu hiyo akaniweka golini, mahali ambapo mtu hapaswi kunyamaza kabisa, maana golikipa ndiye anayeona uwanja wote na ndiye anayepaza sauti kuwapanga wenzake. Nilimwambia siwezi. Akanipeleka ziwani asubuhi, wakati mitumbwi ya wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, ilikuwa inarudi, akaniamuru niielekeze. Nilisimama pale nikiona aibu mpaka masikioni. Mwisho nikafumba macho nikapiga kelele: kushoto, kushoto. Mtumbwi mmoja ukakata kushoto kwa nguvu zote, kwa kuwa wale wavuvi walifikiri nimeona kiboko upande wa kulia. Walipofika ufukweni na kuuliza kiboko yuko wapi, Antrenere hakuwapo tena. Nilikimbia peke yangu, na siku ile niligundua kwamba naweza kupaza sauti vizuri kabisa.

Kuna jambo moja tuliliona polepole: hatukumwona hata mara moja akiupiga mpira. Alituonyesha kila kitu kwa gongo tupu, jinsi ya kusukuma, jinsi ya kuzuia, jinsi ya kugeuza mkono, na alikuwa mzuri kuliko mtu yeyote mradi tu mpira haupo. Mwenzetu Kashindi ndiye aliyethubutu kumuuliza.

"Ule mukunga wa maternite," Antrenere akamjibu, "weye umemuona akizaa mbele ya bagonjwa?"

Kashindi alikuwa mwana wa mvuvi, mkubwa wangu kwa mwaka mmoja, na ndiye aliyekuwa yule mmoja. Hatukuambiwa, lakini tulijua. Mpira wa mti uliovikwa ngozi ya mbuzi, ambao kwetu uliruka kama panzi, kwake ulikaa mbele ya gongo kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Antrenere alisema mchezaji wa kulipwa hula yai kila siku. Kwa kuwa hapakuwa na mayai ya vijana kumi na mmoja, yai lilikuwa moja, na aliyelila ni Kashindi. Mayai hayo yalitoka kwa kuku wa mke wa Antrenere. Mama huyo alisema hadharani kwamba kuku wake wameingia kwenye timu bila kumuaga.

Yeye mwenyewe Antrenere hakufuata hata somo lake moja. Aliyetufundisha kulala mapema alikuwa wa mwisho kutoka nyumba ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, na alipotoka aliimba njia nzima. Aliyetufundisha kutafuna polepole alimeza ugali kama mtu anayefukuzwa. Tulipomuuliza, alisema daraja halivuki mto, linawavusha wengine. Mzee wa Duka akamjibu kwamba daraja pia halinywi.

Mara moja tulikwenda kucheza Runingu, kijiji cha wakulima kule kwenye tambarare. Antrenere alikuwa ametuma habari kwamba timu ya mpira kutoka Uvira inakuja, na kwa sababu ambayo hakutaka kuieleza baadaye, hakutaja magongo. Tulipofika tulikuta uwanja umefagiliwa, watu wamejaa, na vijana wa Runingu wamevaa jezi, mpira wao wa ngozi mkononi. Kila upande ulimtazama mwenzake.

Wazee wa Runingu hawakukubali watu waliotembea vile warudi bila kucheza. Wakaamua kwamba sisi tutumie magongo yetu, na wao watumie miguu yao, ila mpira uwe wetu. Mshambuliaji wao aliupiga ule mti mara moja, akakaa chini, hakusimama tena. Basi ikaamuliwa mpira uwe wao. Mwamuzi alikuwa Antrenere, na katika sheria zake mguu haugusi mpira. Kila Runingu walipougusa kwa mguu alipiga filimbi. Walifunga magoli mengi mazuri, na yote akayakataa kwa masikitiko. Sisi tulifunga moja, kwa bahati, akalikubali. Watu walianza kuokota udongo mkavu wa kutupa.

Hapo Antrenere alifanya kitu kilichotuokoa. Alitangaza kwamba Uvira imeshindwa, akatupanga mstari, nasi tukawapa mikono Runingu kwa heshima zote, majina yetu na habari za kwetu, kama tulivyofundishwa. Hawakuwa wamewahi kuona watu wanaoshindwa vizuri namna ile. Tulilishwa sombe, yale majani ya mihogo, na samaki, na tulipoondoka kila mmoja alibebeshwa mihogo. Njiani Antrenere alituambia kwamba sasa tunajua kushindwa, na kwamba amebakiwa na somo moja tu, la kulipwa.

Lakini Direkteri wa shule alikuwa na neno juu ya kulipwa. Alikuwa mtu wa baiskeli na miwani, aliyesoma mbali, na wazazi walimwogopa. Jioni moja alikuja uwanjani wakati wazazi wako pale, akaomba kusema. Alisema ana uchungu na watoto. Akasema amesoma magazeti na vitabu, na katika dunia nzima hakuna mtu hata mmoja anayelipwa kwa kucheza mpira wa magongo. Hata wale wa klabu ya Usumbura walitoa pesa zao ili wacheze. Huyu bwana anawapeleka watoto mahali pasipokuwapo.

 Baba yake Kashindi alimtazama Antrenere kwa namna ambayo sikuipenda. Nilifikiri mambo yameisha.

Antrenere alivua kofia. "Direkteri, ile iko kweli," akasema, akamshukuru. Kisha akawageukia wazazi. "Mumesikia. Dunia muzima, hakuna hata mumoja. Basi wa kwanza atatoka Uvira."

Wazazi wakapiga makofi. Direkteri aliondoka akisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Mzee wa Duka aliniambia kwamba maisha yake yote ameona wauzaji wa kila aina, lakini hajaona mtu aliyeuza gunia tupu kwa kuthibitisha kwamba ni tupu.

Kashindi peke yake hakupiga makofi. Watu walipotawanyika alimfuata Antrenere, nami nilikuwa naokota magongo.

"Antrenere, ni kweli hakuna?"

"Kabla ya uhuru, uliona prezida mweusi?"

"Hapana."

"Na sasa?"

Kashindi alicheka, akachukua yai lake.

Halafu ikaja vita. Waasi waliingia mjini, na askari wa serikali wakawa wamekimbia. Wapiganaji walikuwa vijana kama sisi, wamejifunga majani kichwani, wamenyunyiziwa mayi, yale maji ya dawa yanayogeuza risasi kuwa maji. Dawa hiyo ilikuwa na miiko yake. Usitazame nyuma. Usiguse mwanamke. Usile kilichopikwa na mtu fulani. Anayevunja mwiko, risasi inampata, na akipatwa na risasi watu wanajua amevunja mwiko. Tuliambiwa tukae majumbani.

Antrenere hakuahirisha mazoezi. Alisema mchezaji wa kulipwa hachagui hali ya hewa. Basi kamanda wa wapiganaji akapita asubuhi moja na kuona vijana kumi na mmoja wenye kaptula za zambarau na njano, wameinama safu moja, wanasonga mbele na magongo bila kusema neno. Alisimama pale akitabasamu. Alikuwa amepata kikosi kilichokwisha kufundishwa.

Tuliitwa wote siku ile ile, mbele ya nyumba waliyokalia. Kamanda alikuwa na kofia ya ngozi na haraka nyingi. Alisema tutanyunyiziwa dawa, tutapewa mikuki, na kesho tutaelekea mstari wa mbele. Pembeni alikaa mganga wao wa mayi, mzee mkavu mwenye beseni. Mama zetu walikuwa nyuma ya ua, na nilimsikia mama yangu akilia kwa sauti ndogo ambayo nilidhani ni mimi peke yangu niliye nayo. Antrenere alisonga mbele, kofia mkononi. Hakumsemesha kamanda. Alimsemesha mganga.

"Tata, bana bangu bako na miiko tayari."

Mganga aliinua kichwa. "Ya dawa gani?"

"Ya magongo."

Mganga akamtaka aitaje. Antrenere akaitaja, na kila alichokitaja kilikuwa kweli tupu. Gongo halipandi juu ya bega. Mguu haugusi kinachopigwa. Huwezi kupiga kwa mgongo wa gongo, ni kwa uso wake tu. Filimbi ikilia unasimama, hata kama ulikuwa karibu kushinda. Na ukishinda, mnarudi nyuma nyote mpaka katikati, mnaanza upya.

"Mnarudi nyuma?" kamanda akauliza.

"Wote. Hata aliyeshinda."

Kamanda alisema huo ni upuuzi, akatuamuru tuinue magongo tuushambulie mgomba uliokuwa pale uani. Tukainua. Sijui niseme nini juu ya wenzangu, lakini mimi nilikuwa na hofu na nilitaka kutii. Mikono yangu ilifika begani ikasimama, yenyewe, kama mlango uliofungwa kwa ndani. Nilitazama kushoto na kulia. Magongo yote yalikuwa yamesimama begani. Miaka ya filimbi ilikuwa imetufanya hivyo, na hakuna aliyekuwa amepanga lolote.

Mganga aliondoa beseni lake mbele yetu akaliweka nyuma ya kiti. "Dawa mbili ndani ya muntu mumoja," akamwambia kamanda, "hii itaua ile. Hawa wataharibu mayi yangu kwa wote." Kisha akamuuliza Antrenere, kwa heshima ya fundi kwa fundi, miiko hii inaisha lini.

"Masomo yakiisha."

"Na masomo yanaisha lini?"

"Mumoja wao akianza kulipwa."

Kamanda alitukana, lakini hakuthubutu kumpinga mwenye mayi. Tulifukuzwa. Antrenere alitutembeza mpaka kona ya kwanza kwa utulivu mkubwa, kisha akaketi juu ya jiwe, akatuhesabu mara mbili. Mama zetu walimletea kila kitu kilichokuwa nyumbani. Mkewe alimletea yai, la kula yeye mwenyewe safari hii.

Ningependa kuishia hapo, lakini vijana wapiganaji walitukuta njiani kila siku, na kila walipotuona waliinua mikono mpaka begani, wakajifanya imeganda, wakacheka. Sisi wengine tuliinamisha vichwa, jambo tulilolizoea. Kashindi hakuweza. Yeye ndiye aliyekuwa na ustadi kuliko sisi, na kicheko kilimuuma kuliko sisi. Asubuhi moja alikuja uwanjani akiwa na nguo za kawaida. Alisema hatujawahi kucheza na mtu yeyote, na hakuna mtu popote anayetungoja. Kisha akasimama katikati, akashika gongo kwa mikono miwili, akaliinua juu ya kichwa mpaka lilipofika mwisho wa mikono, akalishikilia pale tulione.

Antrenere akapiga filimbi. Kashindi hakugeuka. Alilitupa gongo kwenye nyasi, akaenda njia ya nyumba ya kamanda, na Antrenere akaendelea kupiga filimbi mpaka yule kijana hakuonekana tena. Alikwenda na wapiganaji upande wa tambarare. Hakurudi. Baba yake bado anauliza wapita njia.

Baada ya hapo hapakuwa na mazoezi. Askari wa serikali walirudi, watu walikimbilia milimani na ng'ambo, na mkewe Antrenere alihamia kwa dada yake, akiwa na kuku. Mzee wa Duka alifunga duka kisha akalifungua tena. Nilipomuuliza Antrenere yuko wapi, alisema wengine wanasema amekufa, lakini yeye hasadiki, kwa sababu mti wake wa mpera umeota matawi na hakuna aliyekuja kuyaiba.

Nilimwona tena vita ilipotulia. Nilipanda na mjomba wangu mpaka Bijombo, kule juu kwenye baridi, kuwauzia wafugaji chumvi na ndagala. Tulipofika kwenye uwanda wa nyasi, nilisikia filimbi. Mjomba alidhani ni ndege.

Alikuwa amevaa koti refu la mtu mnene na kofia ya sufu. Mbele yake walikuwa vijana wa kifugaji, na hawa hawakuhitaji kutafutiwa magongo, kila mmoja alizaliwa akaikuta fimbo yake ikimngoja. Shida yao ilikuwa kinyume cha yetu. Mfugaji hupumzisha fimbo juu ya mabega, mikono imening'inia huku na huku, na hata ng'ombe akipotea fimbo hubaki pale pale juu. Antrenere alikuwa amechukua msimu mzima kuishusha.

Aliniangalia toka miguuni mpaka kichwani, akaniambia mgongo wangu umenyooka vibaya. Kisha akauliza habari za Kashindi, na nikasema hakuna habari. Aligeuka kuangalia ng'ombe.

"Minye pale klabu sikucheza hata siku moja," akasema. "Nilikuwa wa kukata nyasi. Bakiupiga mpira ndani ya majani, nautoa, nabarudishia. Kwa mukono. Kashindi alijua, aliona zamani. Hakuwaambia ninyi."

Kisha akaenda kuwapanga vijana wake.

Siku ile kulikuwa na mechi. Hawakuwa tena Sisi na Wageni wa kujipaka vumbi: walikuja vijana wa kilima cha pili, na kanisa lao, na mzee wa kanisa aliyeomba kwa muda mrefu sana hata ng'ombe wakaanza kutawanyika, ikabidi wachache waitikie amina kabla hajamaliza. Tulipofumbua macho, upande wa wenyeji ulikuwa umepungukiwa na mtu. Mwana wa mama mmoja mjane alikuwa amemfuata mtamba aliyepotea bondeni. Wakatazamana, kisha wakamtazama Antrenere.

Alikataa. Alisema magoti. Alisema koti. Alinisukuma mimi, nikasema mimi ni golikipa. Mwishowe akavua koti.

Alicheza vibaya kuliko mtu yeyote niliyemwona. Aliukosa mpira, akachimba nyasi, akamgonga mwenzake, na mara moja alisimama kuonyesha jinsi ya kufanya huku mpira umekwisha kupita. Lakini kabla ya mwisho mpira ulimjia taratibu. Akainama, mgongo sawa na meza, akauzuia kwa uso wa gongo, akausukuma kulia kwa kijana aliyekuwa peke yake. Ndivyo tu. Yule kijana hata hakufunga. Antrenere alibaki ameinama mahali pale, akiangalia mpira unavyokwenda, mpaka mzee wa kanisa alipomwambia wengine wameshaondoka.

Jioni yule mama mjane alikuja na kibuyu cha maziwa akampa. Huko juu, anayesimama mahali pa kijana wa ng'ombe kwa siku moja hupewa maziwa ya jioni ya kijana huyo. Antrenere alikishika kibuyu asikifungue.

"Mama, hii iko zawadi?"

"Zawadi ya nini?" yule mama akasema. "Si umesimama mahali pa mwanangu? Hayo ni yako."

Alimuuliza tena, polepole, ili nisikie vizuri, kama ni kwa sababu ya kucheza. Mama akasema ndiyo, kwa nini kingine, na kwamba kusema kweli hakucheza vizuri, lakini siku ni siku. Akaenda zake.

Antrenere akaketi kwenye nyasi. Alikifungua kibuyu, akakinusa, akanitazama, akakinusa tena. Kisha akanywa, polepole, akitafuna kila funda kama alivyotufundisha. Nilikuwa nimetembea tangu alfajiri na chumvi mgongoni. Nikamwomba anionjeshe kidogo.

Akakivuta kibuyu upande wa pili wa goti, akapangusa povu mdomoni.

"Huu ni mushahara wangu," akasema. "Weye tafuta wako."